Uturuki anakaaje na NATO huku anakaa na Urusi? Na kwa nini Somalia na Ethiopia wakapatanishwe Ankara?

mto_wami:

Wakuu habari za jioni. Nina swali linanisumbua muda sasa na humu najua kuna watu wanaofuatilia haya mambo, wengine mnaishi huko huko.

Uturuki ni mwanachama wa NATO, ule muungano wa kijeshi wa Marekani na nchi za Ulaya, toka 1952, hilo halina ubishi. Lakini huyo huyo kanunua mitambo ya kutungulia ndege ya S-400 kutoka Urusi, Warusi wanamjengea kinu cha nyuklia pale Akkuyu, gesi yake karibu asilimia 40 inatoka Urusi, afu wakati huo huo anawauzia Ukraine droni za Bayraktar zinazolipua vifaru vya Warusi. Nchi nyingine ikijaribu hata nusu ya hayo inabanwa pande zote mbili mpaka inyooke. Yeye anapitaje?

La pili ndo limenileta hasa. Januari 1, 2024 Ethiopia ilisaini makubaliano na Somaliland, lile eneo lililojitangazia uhuru ila Somalia inalihesabu lake, ili ipate njia ya kwenda baharini, Somalia ikawaka, tukaanza kuongelea vita nyingine pembe ya Afrika. IGAD, jumuiya ya nchi za huko pembe, ipo, Umoja wa Afrika makao yake makuu yako Addis Ababa kwenyewe, Kenya ipo, sisi tupo. Lakini Desemba 11 mwaka ule ule tunawaona Abiy Ahmed wa Ethiopia na Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia wamesimama na rais wa Uturuki Erdoğan kule Ankara wanapeana mikono. Imekuwaje ugomvi wa majirani zetu ukasuluhishwe mbali hivyo? Naomba kueleweshwa, sina upande.

Mbongo_Uskudar:

Mkuu mimi nasoma huku Istanbul, ngoja nianze na lile la kwanza maana jibu lake naliona kila nikipanda feri kuvuka kwenda upande wa Ulaya. Mlango bahari wa Bosphorus ni mwembamba, pale panapobana zaidi ni kama mita 700 tu, meli ya mafuta ikipita unasoma jina lake ubavuni ukiwa umekaa na chai yako nchi kavu. Sasa hiyo ndo njia pekee ya meli kutoka Bahari Nyeusi kwenda Mediterania. Urusi, Ukraine, Romania, Bulgaria, Georgia, wote wanapita hapo, katikati ya jiji la watu zaidi ya milioni 15.

Na nani apite kwa masharti gani ipo kwenye mkataba wa Montreux wa 1936. Meli za biashara zina uhuru wa kupita wakati wa amani. Manowari za nchi ambazo hazipakani na Bahari Nyeusi, Marekani ikiwemo, zina kikomo cha uzito na haziruhusiwi kukaa humo ndani zaidi ya siku 21. Na kukiwa na vita, kifungu cha 19 kinasema manowari za wanaopigana hazipiti, isipokuwa ile inayorudi kwenye kituo chake cha siku zote. Mwisho wa Februari 2022 Uturuki ikatamka kwamba hiki kinachoendelea Ukraine ni vita, basi mlango ukafungwa. Aprili 14 Warusi wakapoteza meli yao kubwa ya Moskva na hawakuweza kuleta nyingine ya kuziba pengo kutoka kambi zao za nje.

Hapo unaweza kusema kawasaidia Ukraine. Lakini Januari 2024 Uingereza ilitaka kuwapa Ukraine meli mbili za kutegua mabomu ya baharini, Uturuki ikasema hapana, hazipiti, vita bado vinaendelea na sheria ni ile ile. Uingereza ni mwenzake wa NATO! Kwa hiyo kila mkubwa ana kitu anakihitaji kwa Mturuki, na kila mkubwa ameshanyimwa kitu na Mturuki, na wote wanajua sababu ilikuwa karatasi iliyosainiwa Atatürk, mwasisi wa Uturuki ya leo, akiwa hai. Watu wanapenda kusema ni ujanja wa Erdoğan, ujanja upo sikatai, lakini ujanja bila Bosphorus usingefika popote.

Ongeza jeshi la pili kwa ukubwa ndani ya NATO, ongeza kambi ya Incirlik wanayotumia Wamarekani, ongeza rada ya Kürecik inayolinda anga ya Ulaya. Kumfukuza ni hasara kwao. Na kwa Urusi, benki na viwanja vya ndege vya huku vimebaki wazi wakati Ulaya imefunga, watalii wa Kirusi waliokuja 2023 peke yake walizidi milioni 6.

baharia_tanga:

Nathibitisha alichosema mdogo wangu hapo juu na naongeza nilichokiona kwa macho.

Wakati wa ule mpango wa kuruhusu nafaka ya Ukraine itoke Bahari Nyeusi katikati ya vita nilikuwa kwenye meli ya mzigo mkavu, tumetia nanga Bahari ya Marmara nje ya Istanbul tunasubiri kukaguliwa. Ukitoka staha unaona meli tu, huku meli kule meli, zote zinangoja. Boti ikaja na wakaguzi, wakapanda ngazi ya kamba mmoja nyuma ya mwenzie, Mrusi, Muukraine, Mturuki na mtu wa Umoja wa Mataifa. Watu ambao nchi zao zinauana muda huo huo, wako kwenye meli moja wanafungua ngama pamoja na kuangalia orodha ya mabaharia pamoja. Mrusi na Muukraine hawakusemeshana hata neno. Aliyekuwa anauliza na kumjibu kapteni ni yule Mturuki, mpole kabisa, anawageukia wale wawili kila mmoja kwa zamu kuhakikisha ameridhika ndo wanahamia chumba kingine. Mimi nimesafiri sana lakini ile kazi niliiheshimu.

Ule mpango ulisainiwa Julai 22, 2022 jumba la Dolmabahçe, Urusi ikajitoa Julai 17, 2023, na katikati hapo karibu tani milioni 33 za nafaka zilitoka. Moja ya meli za mwanzo kabisa, Brave Commander, ilibeba tani 23,000 za ngano za Shirika la Chakula Duniani ikazishusha Djibouti kwa ajili ya Ethiopia yenye ukame. Watu wakisema vita vya Ulaya havituhusu wakumbuke bei ya ngano mwaka ule.

nairobi_kwetu:

Nimesoma vizuri lakini mnamsifu sana huyu jamaa. Acha niwaambie upande ule mwingine kama Mkenya.

Oktoba 2024 wakimbizi wa Kituruki walitekwa hapa Nairobi mchana, watu waliokuwa wamesajiliwa na wana karatasi za ukimbizi, na baada ya siku chache serikali yetu ikakiri yenyewe kwamba wanne wamerudishwa Uturuki kwa ombi la Ankara. UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, wakalalamika, ikaishia hapo. Kosa lao ni kuhusishwa na kundi la Fethullah Gülen ambalo Erdoğan anasema ndilo lililopanga mapinduzi ya Julai 2016 yaliyoshindikana. Toka mwaka ule balozi zao Afrika nzima zimekuwa na kazi moja ya ziada, kubisha hodi kwa wizara kuomba shule za lile kundi zifungwe ama zikabidhiwe taasisi yao ya Maarif.

Kwa hivyo tukiongea juu ya diplomasia ya hawa watu tusiangalie tu barabara, hospitali na picha za viongozi wakishikana mikono. Mkenya wa kawaida hakuulizwa. Mkimbizi akishapewa hifadhi kwetu ni mgeni wetu, na sisi tulimtoa. Hiyo iliniuma sana na bado inaniuma.

mto_wami:

@nairobi_kwetu asante kwa kuleta hilo, hata mimi lilinipita. Ila bado hakuna aliyegusa la Somalia na Ethiopia. Kwa nini Ankara? Kama ni hela, Waarabu wa Ghuba wana hela zaidi. Kama ni bunduki, pale Djibouti tu kuna kambi ya Marekani, ya Ufaransa, ya Japani na ya China, wote wamejazana kwenye kinchi kimoja. Kwa nini wasiwe wao?

kaskazi_na_kusi:

Ngoja nijibu mimi, nimefanya kazi Mogadishu na pale kila mtu atakusimulia hii habari hata usipouliza.

Agosti 2011 Somalia ina njaa kubwa, watu wanakufa, wanadiplomasia wa dunia nzima wanaishughulikia Somalia wakiwa hotelini Nairobi. Agosti 19 Erdoğan, wakati ule waziri mkuu, akatua Mogadishu na mke wake na mawaziri wake, akaingia makambi ya waliokimbia njaa. Ilikuwa miaka kama ishirini hakuna kiongozi wa nje ya Afrika mwenye cheo hicho aliyekanyaga pale. Machi 2012 Turkish Airlines wakaanza kutua, ndege ya kwanza ya shirika kubwa la kimataifa kwa miaka mingi sana. Msomali wa biashara ambaye alikuwa akitaka kwenda popote lazima ahangaike kupitia Nairobi au Dubai sasa anapanda ndege kwao. Bandari ikapewa kampuni ya Kituruki, uwanja wa ndege vile vile, hospitali kubwa ikajengwa upya na leo inaitwa Erdoğan. 2017 wakafungua kambi ya TURKSOM ya kufundishia jeshi. Desemba 2019 lile bomu la makutano ya Ex-Control liliua watu zaidi ya 80, wakiwemo Waturuki wawili, na kesho yake ndege ya jeshi la Uturuki ikawa imeshatua na madaktari kuchukua majeruhi. Hawakufunga virago. Wamarekani walikuwa wameondoka 1994 na mpaka leo Wasomali hawajalisahau hilo.

Kwa hiyo upande wa Somalia imani ilikuwepo, kisha Februari 2024, mwezi mmoja tu baada ya Ethiopia kusaini na Somaliland, Somalia ikasaini na Uturuki mkataba wa miaka kumi wa ulinzi na uchumi, bahari yake ilindwe na jeshi la wanamaji lijengwe. Oktoba ikaja meli yao ya utafiti ya Oruç Reis kutafuta mafuta na gesi chini ya bahari.

Sasa ukiishia hapo utauliza, Abiy atamwamini vipi mtu ambaye tayari ana mkataba na mpinzani wake? Na hapa ndo pana utamu. Ethiopia nayo ina urafiki wake na Mturuki kwa njia nyingine. Abiy alikwenda Ankara Agosti 2021 wakati vita vya Tigray, kaskazini mwa nchi yake, vimemkalia vibaya, na droni za Kituruki zilikuwa kati ya silaha zilizogeuza vita ile. Viwanda vya nguo vya Waturuki viko Ethiopia muda mrefu. Kila upande ulikuwa na kitu cha kupoteza kama ukimuudhi mwenyeji, na hilo huwezi kulisema kwa yeyote kati ya wale waliojazana Djibouti. Falme za Kiarabu zimeshikamana na bandari ya Berbera, yaani Somaliland, basi kwa Mogadishu hizo zimetoka. Misri ilishaanza kupeleka silaha Somalia mwaka ule ule na ina ugomvi wake na Ethiopia juu ya bwawa la Nile, kwa Addis hiyo imetoka. Umoja wa Afrika uko Addis, Wasomali wangesema wanapelekwa kuhukumiwa nyumbani kwa mshitaki.

Na msidhani ilikuwa rahisi. Hakan Fidan, waziri wao wa mambo ya nje ambaye kabla ya hapo aliongoza idara ya ujasusi zaidi ya miaka kumi, aliwaita mawaziri wa pande mbili Julai 2024. Agosti tena, bila kukaa meza moja, yeye anatoka chumba hiki anaingia kile. Septemba ikaahirishwa na watu wakasema imekufa. Desemba ndo wakaja wakubwa wenyewe.

Ila mto_wami neno lako la kwamba umesuluhishwa mimi silikubali. Isome ile taarifa ya Ankara taratibu. Imesema Somalia mipaka yake iheshimiwe, imesema Ethiopia ipate njia ya uhakika ya kufika baharini chini ya mamlaka ya Somalia, na wataalamu wakae kabla ya mwisho wa Februari 2025 wamalize ndani ya miezi minne. Haikutaja Somaliland wala haikusema yale makubaliano ya Januari yamefutwa. Kila mmoja akarudi kwao kuwaambia watu wake ameshinda. Wataalamu walikutana Februari kweli, ila miezi minne ilipita bila bandari yoyote kukabidhiwa. Kilichozuiwa ni risasi, na kwa mtu aliyeona Mogadishu mimi nasema hicho ni kitu kikubwa, lakini lile swali la nchi ya watu zaidi ya milioni 100 isiyo na bahari bado liko pale pale.

Mbongo_Uskudar:

@kaskazi_na_kusi umeeleza vizuri sana. Niongeze la gharama, maana mleta mada aliuliza anapitaje bila kubanwa, na ukweli ni kwamba anabanwa.

Novemba 24, 2015 waliitungua ndege ya kivita ya Urusi mpakani mwa Syria. Putin hakupigana, alifunga pochi. Watalii wakakatazwa kuja, nyanya za Kituruki zikapigwa marufuku kuingia Urusi, na wakulima wa Antalya wakabaki na mashamba ya nyanya za kuuza kwa nani. Juni 2016 Erdoğan akaandika barua ya kujutia tukio. Nyanya ndo zilikuwa kati ya vitu vya mwisho kabisa kufunguliwa.

Upande wa pili, S-400 zilipotua Julai 2019 Marekani ikamtoa kwenye mradi wa ndege za F-35 mwezi huo huo, mradi ambao viwanda vya Kituruki vilikuwa vinatengeneza sehemu za hizo ndege. Desemba 2020 vikwazo vikafuata juu ya shirika lao la manunuzi ya silaha. Ikabidi atafute njia ya kurudi, na njia ikawa Sweden. Aliishikilia ombi lao la kujiunga NATO mpaka bunge likapitisha Januari 23, 2024, na siku tatu baadaye Washington ikaidhinisha kumuuzia F-16 mpya 40. Wengine humu wataita uhuni, huku mtaani wanaona ni haki yao.

Na raia analipa. Oktoba 2022 mfumuko wa bei ulifika asilimia 85 na zaidi kwa takwimu za serikali yenyewe. Sehemu kubwa ni sera ya riba ya ndani, lakini mvutano na Marekani uliitetemesha sarafu yao ya lira toka 2018. Mama ninayepanga kwake ana picha ya Atatürk ukutani na hesabu ya umeme mezani, akisikia rais kapatanisha nchi mbili za Afrika anafurahi kweli, anasema tumekuwa taifa kubwa tena, kisha ananipandishia kodi.

Asha_wa_Makole:

Nimefuatilia toka mwanzo kimya, naomba niseme na la kwetu.

Ukipanda SGR Dar mpaka Dodoma umepanda reli iliyojengwa na Yapı Merkezi ya Uturuki. Ukienda Mwanza hadi Isaka, mkandarasi ni Mchina. Bomba la mafuta la Hoima hadi Tanga, kilomita 1,443, wamo Wafaransa na Wachina humo humo. TAZARA wameingia Wachina kuifufua, na Wamarekani wanasukuma reli ya Lobito kule Angola ili shaba ya Zambia na Kongo itokee Atlantiki isije kwetu. Rais Samia alikwenda Ankara Aprili 2024. Kwa hiyo wakubwa na wa kati wote wanatutaka kwa sababu ya bandari na njia, na hapo tunafanana kidogo na huyo mwenye Bosphorus, tofauti ni kwamba mlango wake hauna mbadala na wetu unao, Lobito ndo huo unajengwa.

Lakini mto_wami kaka yangu, swali lako la kwa nini Ankara lina ndugu yake wa karibu zaidi na linaniuma kuliko la Somalia. Februari 8, 2025 wakuu wa EAC na SADC walikutana hapa hapa Dar es Salaam, Goma, mashariki mwa Kongo, ikiwa imeshachukuliwa na waasi wa M23 ambao Kinshasa inasema wanasaidiwa na Rwanda. Nilikaa kwenye redio siku nzima kama watu wengine wenye ndugu Bukavu. Wakatoa maazimio ya kusimamisha mapigano. Wiki haikuisha vizuri Bukavu nayo ikaanguka. Machi 18 Kagame wa Rwanda na Tshisekedi wa Kongo wakakaa pamoja, wapi? Doha, kwa Amir wa Qatar, siku ambayo mazungumzo yalikuwa yafanyike Luanda. Juni 27 mawaziri wao wakasaini Washington.

Qatar haina Bosphorus. Ina gesi, ina pesa iliyowekwa kwenye uwanja wa ndege mpya wa Bugesera pale Rwanda, na ina muda wa kumsikiliza kila mmoja. Sisi tuna lugha moja na Wakongo wa Kivu, tuna bandari inayopitisha mizigo yao, tulishapeleka askari wetu kule na wengine wakazikwa. Ningependa wanaojua watuambie serikali zetu ziliweka nini mezani Februari ile ambacho Kigali au Kinshasa ingeogopa kukikosa, maana nimesoma yale maazimio yote na mimi sikukiona.